Kipimo mlangoni: namna virusi vilivyofunga mikusanyiko, na namna milango ilivyofunguliwa

Jumapili tarehe 30 Desemba 2018, wakaaji wa Kinshasa, Goma, Bukavu na Lubumbashi walipanga mstari mbele ya mashine za kupigia kura. Mjini Beni mashine hazikuwashwa. Siku nne kabla, tume ya uchaguzi, Ceni, ilikuwa imetangaza kwamba uchaguzi umesogezwa hadi mwezi Machi katika Beni mji, wilaya ya Beni na mji wa Butembo, pamoja na Yumbi kule Mai-Ndombe. Kwa Yumbi sababu ilikuwa mauaji yaliyotokea huko mwezi ule ule. Kwa Beni na Butembo, wakaaji waliambiwa kuhusu usalama mdogo na kuhusu Ebola. Zaidi ya wapiga kura milioni 1 walibaki nje ya uchaguzi wa rais, kwa kuwa rais mpya aliapishwa tarehe 24 Januari 2019, kabla ya wao kufikiwa.

Hasira ilikuwa kubwa. Tarehe 27 Desemba waandamanaji walivamia kituo kimoja cha kupokelea wagonjwa mjini Beni, na baadhi ya watu waliokuwa ndani wakisubiri majibu ya vipimo vyao wakakimbia. Kisha ile Jumapili ya tarehe 30, vijana na wazee wa Beni walijitengenezea uchaguzi wao wenyewe. Waliweka masanduku, wakatumia karatasi, na kila aliyefika alinawa mikono kwanza. Kura zile hazikuhesabiwa popote. Walichotaka kuonyesha ni kwamba watu wanaokutana kila siku sokoni, shuleni na kanisani wanaweza pia kukutana mbele ya sanduku la kura.

Tangu siku hiyo swali moja limebaki Kivu, nalo limerudi tena na tena kila ugonjwa ulipoingia: nani anajua mkusanyiko upi ni hatari na upi si hatari? Na je, kipimo kinaweza kutoa jibu mlangoni, kabla watu hawajaingia?

Kwa Ebola jibu lilikuwa hapana, na ni vizuri kueleza kwa nini, maana wengi walidhani wanafichwa kitu. Maabara za uwanjani zilizowekwa na taasisi ya INRB ya profesa Jean-Jacques Muyembe zilikuwa na mashine ya GeneXpert, ambayo hutoa jibu kwa muda wa saa 1 na nusu hivi. Zamani damu ilikuwa inapandishwa ndege hadi Kinshasa au hata nje ya nchi. Lakini mashine hiyo haiwezi kumkamata mtu ambaye bado hajaanza kuugua, kwa sababu virusi vya Ebola huonekana kwenye damu pale dalili zinapoanza. Hata mgonjwa mwenye homa ya siku moja anaweza kupata jibu la hapana, ndiyo maana waganga walimwomba abaki kituoni na wakachukua damu mara ya pili baada ya siku mbili au tatu. Familia nyingi zilikasirika hapo: mmetuambia hana, sasa mnamshikia nini?

Kwa hiyo kupima damu ya watu elfu moja mlangoni mwa ofisi ya kura kungekuwa kupoteza muda na vifaa. Upande mwingine, Ebola haienezwi na mtu asiye na dalili. Kinachomtambulisha mtu wa hatari ni homa, kutapika, udhaifu. Ndiyo maana tangu Beni hadi Goma barabara zilijaa ndoo zenye robine, maji ya klorini, na vijana wenye kipima joto wakilenga vipaji vya nyuso za abiria. Vifaa vile vya bei ndogo vilikuwa ndivyo kipimo cha mlangoni cha Ebola. Vilikosa baadhi ya wagonjwa, kama ilivyoonekana Julai 2019 wakati mchungaji mmoja aliyetoka Butembo alifika Goma akiwa mgonjwa baada ya kupita vizuizi. Lakini viliruhusu masoko na makanisa kuendelea.

Corona ilipoingia mambo yaligeuka kichwa chini. Kisa cha kwanza Congo kilitangazwa tarehe 10 Machi 2020. Siku nane baadaye rais Tshisekedi alitangaza kwamba mikusanyiko imepigwa marufuku, na tarehe 24 akatangaza hali ya dharura. Makanisa na misikiti ilifungwa, mpira ulisimama, arusi zilifanywa kimya kimya. Jambo lililowaumiza watu zaidi ni matanga: maiti ilitakiwa kwenda moja kwa moja kaburini, bila ukoo kulala pamoja wala kuimba.

Safari hii kipima joto hakikutosha. Mtu mwenye corona anaweza kuwaambukiza wenzake siku mbili kabla ya kusikia chochote, na wengine hawasikii chochote hadi mwisho. Aliyesimama mlangoni akipima joto aliwaruhusu wote hao waingie. Lakini virusi hivi vina udhaifu wao pia: mtu akiwa katika siku zake za kuambukiza sana, vinajaa puani, na vinaweza kukamatwa kwa kijiti cha pamba hata kama mwenyewe anacheka na kula vizuri.

Hapo ndipo kikatokea kipimo cha haraka. Ni kibao kidogo cha plastiki, kinafanana na kile ambacho kila mama aliyempeleka mtoto kituo cha afya kwa ajili ya malaria amekiona. Kijiti kinaingia puani, kinakorogwa katika maji ya dawa, matone yanawekwa kwenye kibao, na baada ya dakika 15 hadi 30 mstari mmoja au miwili inaonekana. Hakihitaji umeme wala mashine. Tarehe 28 Septemba 2020 shirika la afya duniani, OMS, pamoja na washirika wake lilitangaza kwamba vipimo milioni 120 vya namna hiyo vitapelekwa katika nchi zenye uwezo mdogo, kwa bei isiyopita dola 5 kila kimoja.

Wakati Afrika ilikuwa inavisubiri kwa ajili ya wagonjwa, Ulaya ilianza kuvifikiria kwa jambo lingine. Wanamuziki, mafundi wa sauti, wauza vinywaji na wenye kumbi walikuwa wamekaa miezi mingi bila kazi. Huko Barcelona, Hispania, madaktari wa taasisi inayopambana na Ukimwi walishirikiana na waandaaji wa tamasha la Primavera Sound kufanya jaribio. Ni vizuri kusimama hapo kidogo, kwa sababu lilifanywa kwa namna ambayo mtu yeyote anaweza kuielewa.

Tarehe 12 Desemba 2020 waliwapima watu kwa kipimo cha haraka. Waliobaki, ambao wote walipata jibu la hapana, walikuwa zaidi kidogo ya 1,000. Wakapigiwa kura: nusu wakaingia katika ukumbi wa Sala Apolo kusikiliza muziki, nusu wakarudi nyumbani kwao. Walioingia walivaa barakoa nzito, zile ambazo hapa Kivu watu waliziita kashene, na hewa ya ukumbi ilikuwa inabadilishwa. Ndani waliruhusiwa kuimba na kucheza, bila kupimiana mita. Baada ya siku nane wote walipimwa tena. Kati ya 465 walioingia ukumbini na kufuatiliwa hadi mwisho, hakuna hata mmoja aliyekutwa na virusi. Kati ya 495 waliobaki nje, walikutwa 2.

Miezi mitatu baadaye wakapanda ngazi. Jumamosi tarehe 27 Machi 2021, watu 5,000 walikusanyika katika jumba la Palau Sant Jordi kusikiliza bendi ya Love of Lesbian. Asubuhi ile walipimwa katika kumbi tatu za mji. Sita walikutwa na virusi, nao wakarudishwa nyumbani. Bei ya kipimo na ya barakoa ilikuwa ndani ya bei ya tiketi. Katika wiki mbili zilizofuata, kati ya watu 4,592 waliokubali kufuatiliwa, 6 walipatwa na corona, na madaktari wakaona kwamba 4 kati yao hawakuambukizwa pale. Paris nayo ilifanya lake tarehe 29 Mei katika Accor Arena, na bendi ya Indochine. Kundi moja liliingia, kundi la pili likabaki nje, na mwishoni makundi yote mawili yalikuwa na wagonjwa wachache kwa kiwango karibu sawa.

Msikilizaji asidhani kwamba kile kijiti peke yake ndicho kilichofanya kazi hiyo yote. Pale Barcelona mambo manne yalikwenda pamoja: kipimo cha siku ile ile, barakoa nzuri, hewa inayotembea, na watu sita waliokubali kurudi nyumbani bila ugomvi. Hilo la nne linasahauliwa mara nyingi. Mtu aliyekosa tamasha amekosa starehe ya jioni moja. Je, aliyekosa siku ya kazi?

Jibu lilikuwa limeshaonekana Liverpool, Uingereza. Tangu tarehe 6 Novemba 2020 serikali ilipeleka wanajeshi 2,000 kuwasaidia kupima mji mzima bure. Katika mwezi wa kwanza ni robo hivi tu ya wakaaji waliokuja kwa kipimo cha haraka, na katika mitaa ya watu maskini walikuja wachache kuliko mahali pengine. Hawakuwa wajinga. Waliogopa kwamba wakikutwa na virusi watafungiwa nyumbani bila mshahara, na nani atalisha watoto? Mama anayeuza mkaa au makayabo barabarani Goma hahitaji kuelezwa hilo mara mbili.

Liverpool ilifundisha jambo la pili pia. Kwa watu wasio na dalili, kati ya 10 waliokamatwa na kipimo kikubwa cha maabara, kile cha haraka kilikamata 4. Wataalamu wakagombana miezi mingi. Wengine walisema hicho ni kipimo cha kudanganya watu. Wengine walijibu kwamba wale waliokosekana, wengi wao walikuwa na virusi kidogo, na kwamba wenye virusi vingi, ambao ndio wanaoambukiza, walikamatwa kwa kiasi kikubwa zaidi. Pande zote mbili zilikuwa na sehemu ya ukweli. Kipimo cha haraka kinapunguza idadi ya wenye moto wanaoingia nyumbani, lakini hakiwamalizi. Mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei 2021 mji huo huo ulifungua ukumbi wa kucheza dansi kwa watu 3,000 kila usiku, na tamasha la watu 5,000 katika bustani ya Sefton Park, wote wakionyesha jibu la hapana.

Halafu ikaja Uholanzi, na hapo mambo yaliharibika. Tarehe 26 Juni 2021 serikali ilifungua kumbi za dansi kwa kila aliye na cheti kwenye simu, ama cha chanjo ama cha kipimo. Barakoa zikatupwa. Kipimo kilikubaliwa hadi saa 40. Saa 40 ni karibu siku mbili: mtu anapimwa Ijumaa asubuhi, analala mara moja, anaamka na virusi, na Jumamosi usiku bado cheti chake kinamfungulia mlango. Aliyechanjwa kwa Janssen alipewa cheti siku ile ile ya sindano, wakati kinga inahitaji wiki kadhaa ili kujengeka. Na wakati huo virusi vya aina ya Delta, vinavyokimbia kuliko vya kwanza, vilikuwa vimeshaingia nchini.

Tarehe 3 na 4 Julai watu karibu 20,000 walikwenda katika tamasha la Verknipt mjini Utrecht. Lilikuwa nje, kwenye hewa wazi, na kila mmoja alionyesha cheti chake. Baadaye watu 1,000 hivi waliokuwa pale walikutwa na corona. Tarehe 10 Julai kumbi zilifungwa tena, wiki mbili tu baada ya kufunguliwa, na siku mbili baadaye waziri mkuu Mark Rutte na waziri wake wa afya waliomba radhi mbele ya wananchi. Kiongozi kuomba radhi kwa sababu alifungua mapema, hilo nalo ni habari.

Kipimo cha Utrecht na cha Barcelona vilikuwa vya aina moja. Kilichobadilika ni saa zilizopita kati ya pua na mlango.

Afrika nayo ilipata mtihani wake mkubwa, na huo wengi wetu tuliuona kwenye televisheni ingawa Leopards hawakuwemo. Kombe la Afrika lililochezwa Cameroon Januari na Februari 2022 lilikuwa na sheria kali: shabiki aonyeshe kwamba amechanjwa kikamilifu, na tena aonyeshe jibu la hapana, la kipimo cha haraka cha chini ya saa 24 au cha maabara cha chini ya saa 72. Viwanja vilitakiwa kujazwa hadi asilimia 60, na asilimia 80 siku ambazo Cameroon inacheza. Katika nchi ambayo waliochanjwa walikuwa wachache sana, matokeo yalionekana haraka: siku za kwanza viti vilikuwa vitupu. Serikali ililazimika kufunga shule na ofisi mapema mchana ili watu waende uwanjani.

Jumatatu tarehe 24 Januari, katika uwanja mpya wa Olembe huko Yaoundé, Cameroon ilikutana na Comoro, nchi ndogo ya visiwa ambayo lugha yake ni ndugu ya Kiswahili, na iliyokuwa ikicheza kombe hilo kwa mara ya kwanza. Vipimo viliwakuta na virusi watu 12 wa timu yake, pamoja na kocha na makipa wawili. Kipa wa tatu alikuwa ameumia. Mmoja wa makipa, Ali Ahamada, alipata jibu la hapana siku ile ile ya mchezo, lakini sheria ya CAF ilimtaka amalize siku zake za kutengwa. Basi beki wa kushoto, Chaker Alhadhur, akavaa glovu na jezi iliyobandikwa namba yake kwa karatasi ya gundi, akasimama golini. Comoro wakapata kadi nyekundu dakika ya 7, wakacheza watu 10 bila kipa wa kweli, na bado walifungwa 2 kwa 1 tu. Nani atamsahau Alhadhur?

Lakini jioni ile haikumbukwi kwa ajili yake peke yake. Nje, kabla ya mpira kuanza, umati uliokuwa ukingoja kuingia ulisukumana kwenye lango la kusini. Watu 8 walikufa, pamoja na mtoto, na makumi wakajeruhiwa. Rais wa CAF, Patrice Motsepe, alisema kesho yake kwamba lango lililotakiwa kuwa wazi lilikuwa limefungwa. Serikali ya Cameroon ilieleza kwamba askari walilifunga kwa muda kwa sababu watu walikuwa wengi kupita kiasi. Si kipimo kilichowaua watu hao, na si haki kusema hivyo. Lakini kila kizuizi kinachoongezwa mlangoni, karatasi ya kusoma, simu ya kuonyesha, kijiti cha kusubiri, kinarefusha mstari, na mstari mrefu unahitaji nafasi, milango mingi na watu wanaojua kazi. Familia zilizowahi kusimama na jetoni mkononi siku ya kugawa unga zinajua namna watu wa nyuma wanavyosukuma wakisikia kwamba lango litafungwa.

Hapa Congo mambo yalikwenda njia nyingine. Hali ya dharura iliisha Julai 2020, na kuanzia tarehe 15 Agosti makanisa, misikiti na viwanja vilifunguliwa kwa ndoo, kashene na kipima joto, bila kijiti cha pua. Desemba ilipofika wagonjwa waliongezeka na amri ya kutotembea usiku ikaanza, tangu saa tatu za usiku hadi saa kumi na moja za asubuhi. Vipimo vya haraka vilipofika vilitumika zaidi hospitalini na kwa wasafiri. Hakuna aliyewahi kumpima mwanakwaya mlangoni mwa kanisa. Kwa dola 5 kila pua, hata dola 3, parokia ya watu 800 ingelipa nini kila Jumapili?

Kuhusu Beni, habari ile ina mwisho wake. Wakati Ceni ilipoahirisha uchaguzi, tarehe 26 Desemba 2018, wagonjwa wa Ebola waliokwisha kuandikwa walikuwa karibu 600. Mwezi Machi 2019 idadi ilipita 1,000 na ilikuwa inaendelea kupanda. Mlipuko haukutangazwa kumalizika hadi tarehe 25 Juni 2020, baada ya vifo 2,287. Hata hivyo Jumapili tarehe 31 Machi 2019, Beni na Butembo walipiga kura za kuchagua wabunge. Hakukuwa na kipimo kipya chochote. Watu walinawa mikono, wakapimwa joto kwenye paji la uso, wakaingia mmoja mmoja, wakagusa mashine, wakatoka.